Udalali wa Spika: jinsi ada halali ya wakili ilivyomfunga Sheldon Silver

Dalali akikupeleka kuona chumba Sinza, mnaelewana kabla hamjaingia getini: kodi ya mwezi mmoja ni yake. Hajajenga nyumba, hajapiga rangi, hata funguo si zake. Amekukutanisha na mwenye nyumba tu, na kwa kukukutanisha huko analipwa. Fundi wa gereji Ilala akikuelekeza duka fulani la spea pale Gerezani, naye mara nyingi ana cha juu chake dukani. Watu hulalamikia bei, lakini hakuna anayemwita dalali mla rushwa.

Sasa mpe yule dalali kazi ya pili. Tuseme yeye ndiye pia ofisa wa manispaa anayetia saini vibali vya ujenzi, na mwenye nyumba ana faili la ghorofa linalosubiri mezani kwake. Mwenye nyumba anamlipa udalali uleule, kiwango kilekile, na risiti anapewa. Huo bado ni udalali?

Swali hilo ndilo lililomwangusha Sheldon Silver, wakili aliyekuwa spika wa bunge la jimbo la New York kwa miaka 21. Alikamatwa Januari 2015. Akatiwa hatiani, hukumu ikatenguliwa yote, akashtakiwa upya na kutiwa hatiani tena, kisha mahakama ya rufaa ikafuta sehemu ya makosa na kuacha mengine. Alifariki Januari 2022 akiwa mfungwa, mwenye umri wa miaka 77.

Katika kesi nzima hapakuwa na bahasha wala begi la noti, na hakuna mtego uliowekwa hotelini. Fedha zililipwa kwa hundi za kampuni za mawakili, kwa jina lake. Ndiyo maana kesi hii inatufaa sisi wa Dar es Salaam. Kila mkubwa anapotajwa, mabishano ya kijiweni hugota palepale: kama fedha imelipwa kwa maandishi, rushwa iko wapi? Na mahakama ikifuta hukumu, si ina maana mtu hakufanya kitu?

Kwanza tuelewane kwenye maneno

Nusu ya mabishano yetu hutokana na kutumia neno moja kwa mambo matatu.

Rushwa, kwa mujibu wa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ni kuomba, kupokea, kutoa au kuahidi faida yoyote ili mtu afanye, au aache kufanya, jambo linalohusu kazi aliyokabidhiwa. Sheria inasema faida, haisemi fedha. Ajira ya mtoto ni faida. Kiwanja ni faida. Ada ya uwakili nayo ni faida. Kifungu cha 15 ndicho wanachokitumia TAKUKURU mara kwa mara kwenye kesi za namna hii. Kifungu cha 31, matumizi mabaya ya madaraka, ni kitu kingine: hapo si lazima aonekane mtu aliyetoa chochote. Inatosha mwenye cheo awe amevunja sheria katika kazi yake ili yeye au mtu mwingine apate manufaa yasiyo halali.

Ufisadi ni neno la siasa na la magazeti. Lina nguvu sana mitaani, lakini hakuna hati ya mashtaka inayoandikwa “kosa: ufisadi”. Ukisikia fulani ni fisadi, uliza ameshtakiwa kwa kifungu kipi, au kama ameshtakiwa kabisa.

Kuwajibika kisiasa nako ni mlango mwingine kabisa. Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1977 kwa makosa yaliyofanywa na watendaji walio chini yake, na mwaka 1985 akawa Rais. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 katika sakata la Richmond, mkataba wa umeme wa dharura, na hakuwahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote kwa jambo hilo. Kujiuzulu hakuthibitishi kosa, wala hakumsafishi mtu.

Liko neno moja zaidi ambalo wapiga kura wa miaka ya mwanzo ya 2000 wanalikumbuka: takrima. Sheria yetu ya uchaguzi iliwahi kuruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, yaani kanga, pilau na soda. Ikawa haijulikani ukarimu unaishia wapi na hongo inaanzia wapi. Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Likumbuke jambo hili, kwa sababu Silver naye alijitetea kwa kusema sheria ya kwao ilimruhusu.

Kijana wa Lower East Side

Silver alizaliwa Februari 1944 huko Lower East Side, mtaa wa Manhattan uliokuwa umejaa wahamiaji na watoto wao. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Urusi, na baba yake alikuwa na duka la hadiwea. Alimaliza shule ya sheria ya Brooklyn mwaka 1968, akafanya kazi ya uwakili, na mwaka 1976 akachaguliwa kuingia bunge la jimbo. Watu wa mtaa ule walimrudisha uchaguzi baada ya uchaguzi, kwa karibu miaka 40. Alikuwa mtu wa maneno machache na sauti nzito, asiyeonyesha karata zake mezani.

Mwaka 1994 akawa spika, na hapa msomaji wa Tanzania inabidi aweke kando picha aliyonayo. Spika wetu huongoza vikao. Spika wa bunge la New York ni kiongozi wa chama chenye wabunge wengi kati ya wabunge 150, na ndiye anayeamua muswada upi uletwe ukumbini na upi ufie kabatini. Bajeti ya jimbo lenye watu karibu milioni 20 kwa desturi ilipatanwa na watu watatu waliojifungia chumbani: gavana, kiongozi wa seneti na spika. Ukiwa na jambo lako New York, iwe kodi ya nyumba, hospitali au ruzuku, uamuzi wake ulipitia kwa Silver.

Bunge lenyewe halikuhesabiwa kuwa kazi ya kutwa. Vikao vilianza Januari na kwa kawaida kumalizika Juni. Mshahara wa mbunge ulikuwa dola 79,500 kwa mwaka, na spika aliongezewa 41,500. Sheria ilimruhusu mbunge kuwa na kazi nyingine, na wengi wao walikuwa mawakili. Silver alijiunga mwaka 2002 na Weitz & Luxenberg, kampuni kubwa ya mawakili inayotetea watu walioumizwa na asbesto.

Mpaka hapo hajavunja sheria yoyote.

Njia ya kwanza: wagonjwa wa asbesto

Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika sana zamani kwenye mabati ya saruji, mabomba na vifuniko vya joto. Dar es Salaam bado yapo majengo ya zamani yenye paa hizo. Mtu akivuta vumbi lake, nyuzi hukaa kwenye mapafu, na baada ya miaka 20 hadi 50 zinaweza kuleta saratani ya utando unaozunguka mapafu, iitwayo mesothelioma. Ni ugonjwa wa nadra na mkali, na chanzo chake mara nyingi kinafahamika. Kwa hiyo mgonjwa wa Marekani aliyefanya kazi kiwandani au kwenye meli anaweza kuzidai fidia kubwa kampuni zilizotengeneza au kutumia asbesto. Wakili wake hukata asilimia ya fidia hiyo. Wakili mwingine aliyemleta mgonjwa hupata sehemu ya ada ya yule wa kwanza. Huo ndio udalali wa mawakili, na kule ni halali kwa masharti yake.

Tatizo la mawakili wa asbesto ni kumpata mgonjwa, na anayewajua wagonjwa ni daktari. Bingwa mmoja wa saratani hiyo katika Chuo Kikuu cha Columbia alihitaji fedha za utafiti. Silver alikuwa na fungu la fedha za afya za jimbo ambalo spika aliligawa kwa uamuzi wake, bila umma kuona orodha. Daktari akaanza kumtajia Silver majina ya wagonjwa. Silver akayapeleka kwa kampuni yake. Mwaka 2005 utafiti wa daktari ukapewa dola 250,000 za jimbo, na mwaka 2006 dola 250,000 nyingine. Baadaye Silver alimsaidia mtoto wa daktari kupata kazi. Katika miaka hiyo ada za udalali kutokana na wagonjwa hao zilimpatia Silver zaidi ya dola milioni 3.

Tazama umbo la mzunguko huu, kwa sababu ndilo linalowachanganya watu. Daktari hakumpa Silver hata senti. Kampuni ya mawakili ilimlipa Silver, lakini haikuomba chochote kutoka kwa jimbo, na haikushtakiwa. Wagonjwa walipata wakili hodari na fidia yao. Jimbo lilitoa fedha kwa utafiti wa kweli, wa ugonjwa wa kweli. Kila kipande ukikishika peke yake ni kisafi. Rushwa inaonekana pale tu unapoviunganisha: mwenye ufunguo wa fungu la umma anafungua kabati, na anayefunguliwa anamlipa kwa majina ya wagonjwa.

Njia ya pili: kodi ya majengo

Huku kwetu kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU kwa kiwango kilichopangwa. New York hukokotolewa kwa thamani ya jengo, na mwenye ghorofa refu anaweza kudaiwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Kwa hiyo kuna mawakili ambao kazi yao ni moja tu: kupinga makadirio hayo mwaka hadi mwaka na kuchukua asilimia ya kile kilichookolewa. Ni kazi isiyo na mbwembwe yenye mapato ya kudumu.

Kampuni mbili kubwa za majengo zilipeleka kazi hiyo kwa ofisi ndogo ya mawakili iliyoendeshwa na mtu wa karibu wa Silver, baada ya Silver mwenyewe kuomba iwe hivyo. Ofisi ile ikawa inamgawia Silver sehemu ya ada. Kwa miaka kadhaa alipata takriban dola 700,000. Wakati huohuo kampuni hizo zilikuwa na mambo mazito bungeni. Sheria za kudhibiti kodi za upangaji na msamaha wa kodi kwa majengo mapya zilikuwa zikiisha muda wake na kurudi bungeni zihuishwe, na hakuna sheria ya namna hiyo iliyopita bila spika.

Hapa udalali ulikuwa mtupu zaidi hata kuliko wa dalali wa Sinza. Dalali wa Sinza hutembea juani, hupiga simu, hupambana na mwenye nyumba. Silver hakuandika barua, hakuhudhuria shauri, hakusoma faili la kodi hata moja. Ndivyo ilivyokuwa pia kwenye kesi za asbesto. Mimi naona hiki ndicho kipimo kikubwa kwa yeyote anayetaka kuelewa kesi za mawakili wanasiasa. Usiishie kuuliza kama alilipwa. Uliza alilipwa kwa kazi ipi, na kazi hiyo ameifanya nani.

Ada ya wakili ni maficho mazuri kuliko bahasha, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Bahasha haina maelezo, ada ina ankara. Bahasha ikipita benki inauliziwa, ada haiuliziwi. Na wakili akibanwa ataje wateja wake ana jibu lililoandikwa kwenye maadili ya taaluma yake: siri ya mteja. Silver alitumia jibu hilo kwa miaka mingi. Kwenye fomu zake za kutangaza mapato, na alipoulizwa na waandishi, alieleza kuwa anawatetea watu wa kawaida walioumia. Hakumtaja daktari anayepata ruzuku, wala kampuni za majengo. Waendesha mashtaka waliushikilia ukimya huo. Kuficha peke yake hakuthibitishi rushwa, lakini mtu anayeamini malipo yake ni safi huwa hana sababu ya kuyapitisha uchochoroni.

Nipe nikupe

Ili kumtia mtu hatiani kwa rushwa, mahakama za kule, kama za hapa, zinataka ushahidi wa nipe nikupe: kwamba kilichotolewa na kilichofanywa vilifungwa pamoja katika nia ya watu hao. Si lazima pawe na karatasi wala sauti iliyorekodiwa. Mahakama inaweza kuona makubaliano kutokana na mfuatano wa mambo, lini jina lilitajwa, lini ruzuku ilitoka, nani alijua, nani alificha.

Utetezi wa Silver ulikuwa mwepesi kueleweka na haukuwa wa kipuuzi. Mawakili wake walisema mgongano wa maslahi umo ndani ya mfumo wenyewe. Ukimruhusu mbunge awe na kazi ya pili, lazima kazi hizo mbili zitakutana mahali. Ruzuku ilikwenda kwenye utafiti mzuri, na daktari alimpelekea wagonjwa kwa sababu walifahamiana.

Tarehe 30 Novemba 2015 jopo la raia 12 lilimtia hatiani kwa makosa yote saba. Jopo hilo si kama wazee wa baraza tuliowazoea. Wazee wa baraza hutoa maoni na jaji anaweza kuyaacha. Kule wale 12 ndio wanaoamua kama kosa limetendeka, na jaji kazi yake ni kuwaelekeza sheria inasemaje. Hilo la kuelekeza ndilo lililoleta purukushani yote iliyofuata. Mwezi Mei 2016 Silver alihukumiwa miaka 12.

Mizani iliyogundulika mbovu

Mwezi Juni 2016, wakati Silver anakata rufaa, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya mtu mwingine kabisa, Robert McDonnell, aliyekuwa gavana wa Virginia na wakili pia. Yeye na mkewe walipokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000 kutoka kwa mfanyabiashara, saa ya Rolex ikiwemo. Majaji wote wanane waliokuwepo walifuta hukumu yake. Walisema kumpangia mtu kikao, kumtambulisha kwa wakubwa au kuandaa hafla peke yake si tendo rasmi la serikali. Tendo rasmi ni kuamua jambo mahususi lililo mbele ya serikali, au kumshinikiza mwingine aliamue.

Kwa mfano wa hapa: diwani akikupeleka ofisini kwa mkuu wa wilaya na kusema “huyu ni mtu wetu”, hilo ni utambulisho. Diwani huyohuyo akipiga kura kwenye kikao ili kiwanja cha wazi kigeuzwe cha biashara, hilo ni tendo rasmi. Kulipwa kwa la kwanza kunanuka, lakini kwa sheria ile ya Marekani rushwa ilianzia kwenye la pili. Mimi sikubaliani na wembamba wa kipimo hicho, maana kwa mwananchi wa kawaida kufunguliwa mlango wa mkubwa ni nusu ya safari. Lakini sheria ndivyo ilivyotamkwa.

Jopo la Silver lilikuwa limeelekezwa kwa maana pana ya zamani. Kwa hiyo Julai 2017 mahakama ya rufaa ikatengua hukumu yote. Magazeti yakaandika kuwa ameshinda, na wengi wakaelewa kuwa amesafishwa. Si hivyo. Mizani ya Kariakoo ikigundulika mbovu, mchele unapimwa upya kwenye mizani nzima. Hakuna anayetangaza kwamba gunia lilikuwa tupu. Mahakama yenyewe ilisema ushahidi uliopo ungetosha kumtia hatiani jopo likielekezwa sawasawa.

Mei 2018 jopo jipya, likiwa na maelekezo mapya, lilimtia hatiani tena kwa makosa yote saba. Safari hii akapewa miaka saba.

Januari 2020 mahakama ya rufaa ikarudi tena kwenye faili lile, na ikakata katikati. Makosa matatu ya upande wa asbesto yakafutwa. Sababu ni kwamba, kwa maoni ya majaji, ahadi ya rushwa lazima ihusu jambo fulani linalofahamika wakati ahadi inatolewa. Kumweka kiongozi karibu tu, kwamba “siku nikikuhitaji utanikumbuka”, hakutoshi. Makosa manne yakabaki: matatu ya upande wa kodi ya majengo, ambako sheria za upangaji na misamaha ya kodi zilikuwa mambo yanayojulikana wazi, na moja la kutakatisha fedha, kwa sababu fedha alizopata aliziingiza kwenye uwekezaji. Julai 2020 adhabu ikapangwa upya: miaka sita na nusu na faini ya dola milioni 1.

Hapa Dar es Salaam tuna mkanganyiko wetu unaofanana na huo. Kwa miaka mingi tuliona mtu akifikishwa Kisutu, Mkurugenzi wa Mashtaka akisema hana nia ya kuendelea na shauri, mtuhumiwa akiachiwa, halafu akikamatwa tena nje ya geti la mahakama na kusomewa mashtaka yaleyale. Watu walishangaa. Lakini kuondolewa kwa shauri kwa njia hiyo si hukumu. Hakuna aliyeamua kama kosa limetendeka au la, kwa hiyo mlango wa kushtaki unabaki wazi. Mtu aliyeshinda kesi baada ya ushahidi kusikilizwa ndiye asiyeweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Ukisikia “ameachiwa”, uliza ameachiwa kwa njia ipi.

Swali lingine linaloulizwa sana: kwa nini Silver alikuwa nyumbani kwake miaka mitano na zaidi tangu akamatwe? Aliwekewa dhamana ya dola 200,000, na rufaa ilipokuwa inaendelea aliruhusiwa kubaki nje. Kwetu, shtaka la kutakatisha fedha halina dhamana, kwa hiyo tumezoea kuona mtuhumiwa akikaa Segerea au Keko kabla hata shahidi wa kwanza hajasimama. Kwa hiyo kuwa nje hakumaanishi kesi ni nyepesi, na kuwa ndani hakumaanishi mtu ana hatia.

Hasara iko wapi?

Wapo wanaouliza serikali ya New York ilipoteza nini. Wagonjwa walilipwa, utafiti ulifanyika, majengo yalijengwa. Swali hili linatokana na sisi kuzoea shtaka la kuisababishia serikali hasara. Basil Mramba na Daniel Yona, waliokuwa mawaziri, walitiwa hatiani Kisutu Julai 2015 kwa matumizi mabaya ya madaraka katika suala la msamaha wa kodi kwa kampuni ya kukagua dhahabu, na hati ya mashtaka ilitaja hasara ya shilingi bilioni 11.7. Walihukumiwa miaka mitatu, Mahakama Kuu ikaipunguza kuwa miwili, na Februari 2016 sehemu iliyobaki ikageuzwa kuwa kazi za jamii, wakawa wanafanya usafi hospitali ya Sinza Palestina.

Rushwa haihitaji hesabu ya hasara. Kinachouzwa ni uamuzi, na uamuzi wa umma hauna bei halali. Wapangaji wa New York ambao kodi zao zilijadiliwa bungeni mwaka 2011 walikuwa na haki ya spika asiyelipwa na wenye majengo, hata kama mwisho wake sheria ile ingetoka vilevile.

Kwetu, mahali pa kulikamata jambo kama hili mapema ni Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Kiongozi, mbunge akiwemo, anatakiwa kuwasilisha tamko la mali na madeni ndani ya siku 30 tangu aanze kazi, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka, na kutaja maslahi yake panapokuwa na mgongano. Fomu hiyo ina thamani pale anayeisoma anapouliza kile ambacho kwa miaka mingi hakuna aliyembana Silver akijibu: mapato ya uwakili yametoka kwa mteja gani, na mteja huyo ana shauri gani serikalini.

Silver alipotiwa hatiani mwaka 2015 kiti chake kilikwenda siku hiyohiyo, kwa kuwa sheria ya jimbo humvua ubunge anayetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai. Leseni ya uwakili nayo ilikwenda bila kusubiri kikao. Kwetu hatua hizo zina milango tofauti. Ubunge unaangaliwa kwa ibara za 67 na 71 za Katiba, ambazo zinatazama aina ya kosa na adhabu iliyotolewa. Uwakili unaamuliwa na Kamati ya Mawakili, inayoweza kuliondoa jina kwenye orodha. Mtu anaweza kupoteza kimoja na kubaki na kingine. Hukumu ya Silver ilipotenguliwa mwaka 2017 kiti hakikurudi, kilikuwa na mwingine tayari.

Pensheni haikuguswa. Katiba ya New York iliilinda kama deni la serikali kwa mtumishi, na ni Novemba 2017 tu ndipo wapiga kura walipokubali ibadilishwe ili mwenye hatia ya rushwa aweze kunyang’anywa. Kabla ya adhabu ya mwisho Silver alimwandikia jaji barua akiomba asije akafia gerezani. Aliingia gereza la Otisville Agosti 2020. Baadaye akahamishiwa gereza la wagonjwa huko Devens, Massachusetts, na tarehe 24 Januari 2022 alifariki katika hospitali ya jirani, kifungo chake kikiwa bado kina miaka kadhaa.